Zamu ya Kalekye

Nimewapikia wachimba barabara kutoka Voi mpaka Marsabit, na kwa kazi ya namna hiyo mtu huizoea harufu ya udongo kama anavyoizoea harufu ya kitunguu. Kwa kawaida hainisumbui. Lakini mwezi uliopita kambi yetu ilikuwa nje kidogo ya Isiolo, mashine ya kuchimba ikaharibika, na mkandarasi akaajiri wanawake wa pale wachimbe mtaro wa maji kwa jembe. Ilikuwa kama saa tano. Nilikuwa nimekaa nikichambua mchele. Upepo ukageuka, ukaniletea udongo mkavu uliopasuliwa kwa mkono, jasho la wanawake wengi kwa pamoja, na ile harufu ya mpini wa jembe uliopata moto. Nikajikuta nimesimama, sinia limeinama, mchele wote chini.

"Kuna nini?" akauliza mwenzangu wa jikoni.

"Hakuna," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Akatazama barabarani kama mtu anayetarajia kumwona mgeni akija.

Sisi tuliozaliwa Ukambani miaka ile, tuliokwenda shule na gauni moja na kulifua Jumamosi, hatuhitaji kuelezwa mwethya ni nini. Kwa wengine nitasema tu kwamba ni wanawake wa mlima mmoja waliokubaliana kutochimba peke yao. Leo wote wako kwenye shamba la huyu, siku nyingine wote kwa yule, wakifuata kamba iliyofungwa kwenye vijiti ili mtaro usipinde, wakichimba na kuurusha udongo upande wa juu mpaka ufanye ukuta wa kuzuia maji ya mvua. Mvua yetu ni chache na ina hasira. Bila ukuta huo, usiku mmoja tu unatosha kulipeleka shamba lako mtoni. Na sheria kubwa ya mwethya ilikuwa moja: zamu hairukwi. Uwe umefiwa na ng'ombe, uwe umegombana na nusu ya wanawake, siku yako ikifika watakuja na majembe begani. Mwenye kuwafukuza alijua kwamba hakuna jembe litakaloinuliwa tena kwa ajili ya ukoo wake.

Kwetu kulikuwa juu ya Matiliku, kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliopandwa mbaazi na kunde. Mama yangu, Kalekye, alikuwa ametoka mbali, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha, na watu wa pale hawakuacha kumkumbusha kwamba watu wa Ikutha wana vichwa vigumu. Alikuwa ameokoka kabla sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kwenye mstari wa mwethya yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Nyimbo za kanisani, nyingine za kuwasema waume wavivu, zote kwa mdundo mmoja wa jembe.

Baba alikuwa amefariki nikiwa sijaanza kutembea. Aliugua kifua, akafia ndani ya nyumba, na kwa desturi ya zamani ya ukoo wetu kifo cha namna hiyo kiliichafua nyumba, kikawachafua na waliokuwa ndani yake. Nyumba ilibomolewa. Baba alipelekwa jioni na wanaume wawili, akazikwa chini kule korongoni, haraka, bila neno wala wimbo, wakarudi wakanyunyiziwa dawa ya kuwatakasa. Mama alizuiwa kwenda. Hakuonyeshwa hata mahali penyewe. Mimi nilikua nikiona mbuzi wakilisha kule korongoni nikijua kwamba mahali fulani chini ya kwato zao yuko Baba.

Hilo lilinisumbua kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Mwinjilisti wetu, kijana aliyezunguka na baiskeli kati ya makanisa matatu na kutufikia mara moja moja, alitufundisha kwamba siku inakuja Yesu atawaita waliokufa nao watamsikia na kutoka. Mimi kuitwa nilikokujua ni kule kwa mahindi ya njaa. Mwaka ule wa ukame mahindi ya manjano yalipoletwa, karani alisimama juu ya kiti sokoni akaita watu jina kwa jina, na ambaye hakuwa amesimama mahali panapojulikana alipitwa, hata alie namna gani. Basi nikaona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa. Yesu atapita mlima kwa mlima akiita, watu waliozikwa kando ya njia watatoka wakijipangusa vumbi, na Baba atabaki korongoni kwa kuwa wanaume wawili walimficha.

Kisha Mama naye akaanza kukohoa.

Alikohoa msimu mzima wa mbaazi. Alikwenda hospitali akakaa, akarudi na mfuko wa dawa na macho makubwa, na dawa zilipokwisha alikuwa hawezi tena kuinuka bila kushika ukuta. Majirani walianza kunisalimia wakiwa mbali. Ndipo Baba mkubwa Mutiso, kaka yake Baba na kichwa cha ukoo wetu, alipokuja. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Mwaka wa njaa alitugawia mtama wake. Lakini alikuwa mrefu, amevaa koti lake zito la kijeshi hata kwenye jua, na alisimama mlangoni bila kuingia.

"Kalekye," alisema, "tumekutengenezea kibanda pale nyuma ya zizi. Kuna hewa nzuri."

"Hewa ya mbuzi," Mama akasema kitandani.

"Usinifanyie mzaha. Unajua ninachosema."

"Najua, shemeji. Unataka nikafie nje ili nyumba isichafuke."

"Nyumba ikifiwa ndani inabomolewa. Huyu mtoto atalala wapi?"

"Bomoeni. Yangu nyingine inajengwa."

"Inajengwa na nani?"

"Kuna fundi mmoja, seremala. Hachelewi kama wale wako."

Baba mkubwa alitikisa kichwa akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na moto, na moyo unanidunda kwa habari hiyo ya nyumba, maana hakuna aliyekuwa ameniambia.

"Ina mabati?" nikauliza.

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo, nikausikia ukigonga kama mlango. Alipopata pumzi alisema, "Ina mabati, mwanangu. Na haivuji."

"Mimi nitakuja?"

"Utakuja. Lakini si sasa. Una kazi hapa kwanza."

Mara ya pili Baba mkubwa alipokuja, Mama ndiye aliyeanza. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani kichwani, na nadhani alikuwa amejiandaa asubuhi yote.

"Shemeji, nikifa nizikwe hapa mbele ya nyumba, kando ya njia ya kwenda sokoni. Saa sita mchana. Na watu waimbe."

"Aiya! Kalekye, kifo cha kifua hakiimbiwi. Ukikiimbia unakikaribisha kwa jirani."

"Niliokoka mchana. Niliolewa mchana, watu wakiona. Sijaiba kitu cha mtu. Mbona nifukiwe jioni kama ngozi ya mbuzi wa wizi?"

"Hata huyo Yesu wenu alizikwa jioni. Nilimsikia mwinjilisti mwenyewe akisema."

"Eeh, alizikwa jioni." Mama alijiinua kwa kiwiko. "Na wale waliolinda kaburi walipata faida gani? Jumapili alfajiri alikuwa nje, anatembea."

Niliona mdomo wa Baba mkubwa ukicheza, kama mtu anayezuia kucheka kwenye baraza la chifu. Kisha uso wake ukasawijika. "Wewe unasema tu," akasema. "Mimi nimewazika ndugu zangu, na watoto wao. Nimechoka, Kalekye. Sitaki kiingie na kwangu."

"Basi usinizike wewe," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Nitazikwa na watu."

Baada ya hapo alinifundisha wimbo. Nilikuwa najua nyimbo nyingi nusunusu, lakini huo alitaka niujue wote, ubeti kwa ubeti, naye akinisahihisha kwa kidole maana sauti ilikuwa imemwishia. Ulikuwa wimbo wa kusema kwamba kaburi halimmiliki aliyezikwa. "Siku hiyo wakinyamaza," aliniambia, "wewe imba." Hakuniambia kwa nini, wala sikuuliza. Nilikuwa nimeshaelewa kwa akili yangu: wimbo ndio utakaomjulisha Yesu mahali alipo. Na jioni ndiyo wakati wanaoutumia watu wanaotaka asijue.

Alifariki Alhamisi. Nilikuwa nimempelekea uji asubuhi, akanywa kidogo, akasema uji una chumvi nyingi, na kweli nilikuwa nimekosea. Nilikwenda kuongeza maji. Niliporudi alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala, nikaketi na kikombe mpaka uji ukaota ngozi juu. Mama Kioko, mke wa Baba mkubwa, alikuja kuuliza hali, akachungulia, akashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. "Mwanangu," akasema, "toka nje. Kiache kikombe. Toka."

Nilikaa chini ya ukingo wa nyasi za paa nikasikia yote. Baba mkubwa aliita wanaume wawili. Hawakubishana, walipanga tu, kwa sauti ya chini kama wanaopanga kupeleka ng'ombe josho. Jioni. Korongoni, karibu na mumewe. Mmoja alikuwa na shaka kama ardhi ya kule haina mawe mno.

Hapo nikakimbia.

Ile Alhamisi ilikuwa siku ya mwethya, na zamu ilikuwa ya Mama. Lakini Baba mkubwa alikuwa amepeleka neno mapema kwamba mwenye shamba ni mgonjwa na zamu yake iachwe, na wanawake, kwa kumhurumia, walikuwa wamekubali kwenda kwa anayefuata. Walikuwa ng'ambo ya kijito kikavu, kwenye mteremko wa pili. Niliwasikia kabla sijawaona. Nilipanda ule mteremko miguu mitupu juu ya miiba ya migunga, nikafika mbele ya mstari mzima wa majembe, na maneno yakanitoka yote kwa pamoja.

"Mama amekufa na Baba mkubwa anataka kumficha jioni ili Yesu asimwone!"

Majembe yalisimama, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa mstari. Aliyekuwa kiongozi wao, Mama Syombua, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mwanamume na pengo la meno mawili, alifuta uso kwa khanga. Hakunicheka. Aliwageukia wenzake.

"Zamu ya leo ni ya nani?"

Wakatazamana.

"Ya Kalekye," mmoja akasema.

"Basi tumekosea shamba," akasema Mama Syombua, akaliweka jembe lake begani.

Tuliporudi tulikuwa wengi kama harusi. Baba mkubwa alituona tukishuka, akaja mpaka njiani, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Mama Syombua, kuna msiba hapa. Leo hakuna mwethya."

"Ndiyo maana tumekuja, Mutiso. Zamu ni ya Kalekye."

"Kalekye amekufa."

"Tumesikia. Kwani wanaokufa wanafutwa kwenye mwethya? Mama huyu alinichimbia mimi shamba akiwa anatema damu. Alimchimbia huyu. Alimchimbia na huyu. Nani aliyemchimbia yeye?"

"Wanawake hawachimbi kaburi," mmoja wa wale wanaume wawili akasema.

"Chimba wewe basi. Hapa, kando ya njia, sasa hivi kwenye jua. Jembe hili hapa." Alimnyoshea. Yule mwanamume akaangalia viatu vyake. "Haya. Kaa kando usirushiwe vumbi."

Baba mkubwa aliinua mkono. "Nikiwakataza?"

Kila mtu alijua maana ya kuwafukuza mwethya. Ndipo Mama Kioko akatoka jikoni kwake, polepole, jembe mkononi, akapita mbele ya mumewe akaenda kusimama mwisho wa mstari.

"Wewe," Baba mkubwa akasema, "rudi nyumbani."

"Kurudi naweza," akajibu bila kumtazama. "Lakini zamu yetu inakaribia, Baba Kioko, na wewe unajua ulivyo mteremko wetu. Utauchimba peke yako na hilo koti?"

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, na kicheko kikampitia puani. Baba mkubwa akawapisha njia.

Baadhi yao waliingia ndani. Niliingia nyuma yao kwa kuwa hakuna aliyenizuia. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuona mtu akimgusa aliyekufa. Walimwosha Mama kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia, wakimwongelesha. "Geuka, Kalekye." "Inua mkono, dada, wewe mtu wa Ikutha mgumu." Walimpaka mafuta miguuni kama anayekwenda kanisani. Nami nikagusa kidole chake cha mguu. Kilikuwa baridi na laini, na hakikuniuma, wala mkono wangu haukuoza kama watoto wenzangu walivyokuwa wameniambia.

Nje, ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria. Waliingia shimoni wawili wawili, wakachoka, wakatoka, wakaingia wengine. Kwa mazoea walikuwa wakiurusha udongo wote upande wa juu wa mteremko, mpaka Mama Syombua akaona, akashika kiuno.

"Nyinyi wanawake! Hili si la kuzuia maji!"

Walicheka, wakashangaa kwamba wanacheka, wakaendelea kuchimba. Ilikuwa siku ya soko. Watu waliokuwa wakienda Matiliku na vikapu vyao walifika pale, wakaona, wakapita kwa kuzunguka mbali ndani ya kichaka. Wachache walitua mizigo. Harufu ya ule udongo ndiyo iliyonimwagia mchele Isiolo.

Walimtoa kwa mlango wa mbele, akiwa ndani ya blanketi lake, kitambaa cheupe kichwani. Jua lilikuwa juu kabisa, na kila mtu alikuwa amesimama juu ya kivuli chake. Walimshusha. Kisha wakasimama hivyo hivyo, wanahema, wametapakaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na ikawa kama hawajui kinachofuata. Mwinjilisti hakuwepo. Aliyezoea kuanzisha nyimbo ndiye aliyekuwa shimoni.

"Haya," Baba mkubwa akasema kwa sauti iliyochoka. "Funikeni basi."

Mmoja akainama kuchota udongo. Mimi nikaona kwamba imefika. Watamfunika kimya, na siku ya kuitwa atapitwa kama Baba. Nikafungua mdomo. Nilianza juu mno, sauti ikapasuka, nikaanza tena. Nilikuwa nimefumba macho na nikiimba kwa kelele, si kwa uzuri, nimeinua uso kuelekea upande ambao nilidhani Yesu angetokea, yaani upande wa barabara ya Machakos, kwa kuwa huko ndiko yalikotoka mambo yote makubwa.

"Mnyamazisheni huyo mtoto," mwanamume mmoja akasema.

"Umguse uone," akasema Mama Syombua.

Niliimba ubeti wa kwanza peke yangu. Wa pili Mama Kioko akaingia, na kisha wote, wakipiga ardhi kwa visigino vya majembe, mlima ukajibu kutoka ng'ambo. Sijasikia tena wimbo ulioimbwa kwa hasira namna ile. Ulipokwisha, Mama Syombua alisema maneno. Hakujua kusoma.

"Mimi sina mahubiri," alisema. "Ninachojua ni kimoja. Yesu alikufa kweli, si kuzimia. Akawekwa shimoni kama huyu. Siku ya tatu shimo lilikuwa tupu, na walioliona tupu kwanza walikuwa wanawake waliokwenda asubuhi kupaka maiti mafuta. Alifanya hivyo kwa ajili ya Kalekye, na kwa ajili yangu, na kwa ajili yako Mutiso ukitaka. Kwa hiyo wewe kifo," na hapo akaelekeza kidole ndani ya kaburi, kama anayemkemea mbwa, "umepewa kumweka tu. Hukupewa awe wako. Umesikia? Haya, wanawake, fukieni."

Walipomaliza, mzee mmoja wa ukoo alifika na kibuyu cha ng'ondu, ile dawa ya kuwatakasa waliogusa kifo. Aliileta kwa nia njema. Wanawake walikataa. "Baba, tulishaoshwa na Yesu," Mama Syombua akamwambia, akampa kigoda akae kivulini. Wale waliokuwa wametazama kwa mbali waliondoka wakisema kwamba hao wote hawatauona mwaka mpya.

Waliuona. Na kwa kuwa sitaki kudanganya, nitasema pia kwamba mmoja wao alikufa kabla ya mavuno ya mwaka huo mpya, katika kujifungua, na waliokuwa wakingoja wakasema, "Si tulisema?" Naye alizikwa saa sita mchana, kando ya njia, na watu walioimba walikuwa wengi zaidi ya wale wa kwanza.

Nilikaa na Mama Kioko mpaka nilipomaliza shule ya sekondari, kisha nikashika njia, na sijaiacha mpaka leo. Nimezika dereva, nimezika wapishi wenzangu. Nilimzika mtoto wangu mwenyewe katika mji ambao sikuwa na ndugu, na watu wema wakanishauri tufanye haraka, jioni, nisijichoshe. Niliwaambia nitangoja jua. Kifo nimekiona kwa karibu mara nyingi, na sijawahi kukipa heshima ya kunong'ona mbele yake. Kinaumiza, sikatai. Mtoto wangu bado ananiuma. Lakini nilifundishwa mapema kwamba ni mtunzaji tu wa vitu vya mtu mwingine, na mwenyewe anakuja.

Nilimweleza Mama Syombua habari ya Baba siku ileile, akiwa ananawa mikono: kwamba amefichwa korongoni na hataitwa. Alikung'uta maji mikononi. "Unafikiri Yesu ni karani wa mahindi?" akasema. "Karani ndiye asiyejua watu wako wapi. Huyu alikuwepo walipomzika. Tunaimba ili sisi tusisahau, na kile kilichomchukua kikose usingizi." Nilikubali nusu. Nusu nyingine ilinichukua miaka.

Lakini siku ilikuwa bado. Nilidhani sasa watakwenda nyumbani. Walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliopika Mama Kioko, wakanywa maji, kisha Mama Syombua akasimama, akachukua vijiti na kamba ya kupimia, akaingia shambani kwa Mama, pale juu ambapo mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imekata mfereji wa kina cha goti. Zamu ni ya siku nzima. Asubuhi ilikwisha kwa kaburi, na mchana ulikuwa bado wake. Walijipanga. Palikuwa na nafasi moja katikati ya mstari, wakaniita nisimame hapo, wakanipa jembe ambalo mpini wake ulinifika kidevuni.

Baba mkubwa alitufuata huko juu. Nadhani hakuwa na mahali pengine pa kwenda, maana mkewe alikuwa kwenye mstari na nyumba yake haikuwa na mtu. Alisimama akatazama mtaro ukianza kufunguka, vumbi linapanda, wanawake waliochoka wanachimba kwa ajili ya mtu waliyetoka kumfukia.

"Mama Syombua," akasema, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua, "mwenye shamba mmemzika. Hapa mnamchimbia nani?"

"Yeye mwenyewe," Mama Syombua akajibu, jembe likiwa hewani. "Akirudi, hatutaki akute udongo wake umekwenda mtoni. Na sogea, Mutiso, umekanyaga kamba."

Baba mkubwa akaangalia chini ya kiatu chake, akaiona kamba, akasogea.